Unyevu Kwanza, Wadudu Baadaye

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 16, 2020, naye alikuwa hapa hapa Arusha. Kesho yake ikatangazwa kuwa shule zinafungwa. Haukupita muda magari ya watalii yakawa yamejipanga kwenye nyua, na mtaani kwetu Themi wanaume waliozoea kuondoka alfajiri kuelekea Serengeti wakawa wanakaa vibarazani mpaka jua linakuwa kali, simu mkononi, na simu haziiti. Madereva, wapishi wa kambi, wahudumu wa hoteli, wapagazi wa mlimani, mafundi gereji, kina mama wanaouzia hoteli mboga: mji huu unakula kwa mgeni, na mgeni hakuwepo.

Mwaka ule haukuwa wa ukame. Nalisema hili mapema kwa sababu tukitajiwa chakula cha akiba, mawazo yetu hukimbilia mvua iliyogoma na ng'ombe waliokufa Longido. Masika ya 2020 yalinyesha, tena kwa nguvu. Soko la Kilombero lilikuwa na mahindi. Kilichokosekana kilikuwa fedha za kuyanunulia. Nyumba ya mjini hufikiwa na dharura kwa njia hiyo mara nyingi zaidi kuliko kwa ukame: kazi inasimama, mtu analazwa hospitali, daraja linazolewa na maji, na watoto waliokuwa wakila mchana shuleni wanarudi kula nyumbani.

Ashukuriwe Mungu, wengi wetu tuna kashamba mahali, au ndugu mwenye shamba, iwe Arumeru, Karatu, Babati au Hai. Kwa hiyo magunia yalikuwepo kwenye stoo. Swali lilikuwa hali ya kilichomo ndani.

Nilikuwa nimestaafu kazi ya ugani, lakini mtaani bado wananiita nikitakiwa kuangalia mgomba unaonyauka au kuku wanaokohoa. Mwezi wa nne, mvua ikiwa imekaza, niliitwa na mama mmoja mtu mzima ambaye mwanawe alikuwa dereva wa watalii. Familia ilikuwa imeshuka na magunia kutoka shamba tangu Agosti na kuyapanga pembeni mwa chumba, moja juu ya jingine, yamegusa sakafu na ukuta. Ya juu walikuwa wameshayala bila tatizo. Sasa walikuwa wamefika ya chini. Nilipoingiza mkono kwenye gunia nilisikia joto. Punje za chini zilikuwa zimeshikamana mabonge, rangi ya kijivu ikivutia kwenye ukijani, na harufu ya uvundo ilijaza chumba kizima.

“Mwanangu,” akaniambia, “tukiyaosha, tukayaanika jua likitoka, si yanalika? Hayana hata mdudu.”

Ni kweli, hayakuwa na mdudu. Walikuwa wameyatia dawa ya unga barabara, kwa kipimo chake. Nikamwambia, “Mama, ukungu utaoshika, ila sumu yake imeshaingia ndani ya punje. Maji hayaitoi wala moto wa jikoni hauiui.”

“Kwa hiyo nimwage chakula, na hawa watoto unawaona?”

Nilikaa naye muda mrefu kabla ya kujibu. Mtu asidhani kumwambia mwenye njaa amwage chakula ni ushauri mwepesi. Tulifungua yote, tukatenga yaliyokuwa makavu na safi, tukachambua punje kwa punje kwenye ungo, na yaliyovunda tukayafukia shimoni pamoja na majivu ili hata kuku wa jirani wasiyafikie. Aliomba awape kuku wake. Nikamsihi asifanye hivyo.

Sababu ya msimamo wangu ni yale yaliyotokea mwaka 2016. Katika wilaya za Chemba na Kondoa mkoani Dodoma, na Kiteto mkoani Manyara, watu walianza kutapika, kuvimba tumbo na kugeuka manjano machoni. Waliougua walikuwa 68, wakafa 20. Walikuwa wamekula ugali wa nyumbani kwao. Chanzo kilikuwa sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye mahindi na karanga, nayo hushambulia ini. Kabla ya hapo, mwaka 2004, majirani zetu wa mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, walipata wagonjwa 317, na 125 kati yao walipoteza maisha. Wachunguzi walipofuatilia walikuta jambo ambalo sijawahi kulisahau. Chakula kilikuwa haba, watu waliogopa kuibiwa mahindi shambani, wakayavuna yakiwa na maji na kuyafungia ndani ya nyumba walizolala. Njaa yenyewe ndiyo iliyowasukuma kuhifadhi vibaya, na uhifadhi mbaya ukaua kuliko njaa.

Tangu nianze kazi hadi leo, kila ninapozungumza na watu kuhusu akiba huniuliza swali la kwanza kuhusu dawa: dawa gani, kiasi gani, ipi ina nguvu. Mdudu anaonekana, anatoboa, anaacha unga chini ya gunia, na mtu humchukia kwa haki. Unyevu hauonekani. Lakini chakula kinachoozea ghalani mara nyingi kiliharibiwa kabla hakijaingia ghalani, katika zile siku za katikati ya shamba na gunia, mtu alipoona kimekauka kumbe bado.

Bibi yangu mzaa mama aliishi juu ya Akheri, kwenye miteremko ya Meru. Anayeijua Akheri anajua kwamba mahindi ya masika huko hukomaa wakati jua halipo. Juni na Julai wingu linakaa mlimani, asubuhi ni ukungu, mchana manyunyu, jua likitokea ni la saa moja mbili. Kuanika uani hakutoshi. Kwa hiyo juu ya mafiga, ndani ya jiko, palikuwa na dari ya miti iliyosokotana, nyeusi kama lami kwa masizi, na mahindi yalipandishwa huko yakiwa na maganda yake. Moto uliwaka asubuhi na jioni kwa miezi. Nilipokuwa mtoto niliambiwa moshi unafukuza wadudu, na kweli unawasumbua. Nilipokuja kusomea kilimo ndipo nilielewa kwamba kazi kubwa ilikuwa ya lile joto: lilikuwa linamalizia ukaushaji ambao anga la Meru lilikataa kuufanya.

Kabla ya kupandisha mahindi darini Bibi aliyachagua. Gunzi lililodonolewa na ndege, lenye ncha iliyo wazi, lililodondoka na kugusa udongo, au lililotobolewa na funza, halikupanda. Yote hayo yaliliwa kwanza, mengine siku ileile, yakichemshwa makande. Hakuwa amesikia habari ya sumukuvu. Lakini leo tunajua kwamba punje iliyojeruhiwa ndiyo mlango wa ukungu, na uchambuzi ule wa Bibi ndio unaofundishwa mpaka sasa. Na kabla ya kupukuchua aling'ata punje. Punje iliyokauka hupasuka kwa mlio. Yenye unyevu hubonyea.

Alikuwa na tabia nyingine iliyonishangaza: hakuweka chakula chote nyumba moja. Sehemu ilikaa kwake, sehemu kwa shemeji yake ng'ambo ya kijito, sehemu kwa binti aliyeolewa chini Usa River. Alikuwa na ndugu zake Ngarenanyuki mwaka 1951, serikali ya kikoloni ilipowaondoa Wameru kwenye ardhi yao ili wapewe walowezi, na nyumba zikachomwa moto. Kesi ile ilifika mpaka Umoja wa Mataifa, Kirilo Japhet akaenda kuitetea New York mwaka 1952. Kwa Bibi, somo lilikuwa la jikoni: waliokuwa na kila kitu chini ya paa moja walibaki bila kitu. Mtu wa leo anaweza kuweka moto, mafuriko au mwizi mahali pa yule mlowezi, na busara ya Bibi ikabaki palepale.

Lakini nisiwapambe wazee kupita kiasi. Moshi ule ulimla Bibi macho, na kikohozi chake kiliwahi kuanza kabla ya majogoo. Sitaki binti yeyote apikie chini ya dari kama ile. Isitoshe, akiba kubwa ya Wameru wa juu ilikuwa imesimama shambani: migomba, ambayo hukomaa mkungu baada ya mkungu mwaka mzima, pamoja na magimbi ardhini. Mahindi yalikuwa nyongeza. Ardhi ilipogawanywa na kugawanywa tena, vijana wakashuka tambarare kulima mahindi, ndipo tukawa watu wa magunia, na matatizo ya magunia yakaanza kuwa yetu.

Miaka ya mwanzo ya 1980 naikumbuka kwa foleni. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha na nchi imechoka. Sabuni ilikuwa ya mgawo, na unga wa mahindi ya njano kutoka nje, tuliouita wa yanga, ulikuwa ndio ugali wa nyumba nyingi. Mwaka 1983 ilipoanza operesheni dhidi ya wahujumu uchumi, kuonekana na magunia mengi kulitia hofu hata kwa mkulima aliyeyalima kwa jembe lake. Barabarani palikuwa na vizuizi vya kukagua mahindi. Mama alihamisha magunia usiku kutoka chumba cha mbele kwenda cha nyuma, na chumba cha nyuma ndicho kilichokuwa na unyevu. Sidai kwamba serikali haikuwa na sababu. Walanguzi walikuwepo na walitutesa. Ninachosema ni kwamba chakula kikifichwa hakikaguliwi, na chakula kisichokaguliwa hakidumu.

Miaka hiyohiyo ndipo lilipotufikia balaa la dumuzi. Mdudu huyu si wa kwetu. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na hapa nchini alionekana kwanza Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha akasambaa pamoja na nafaka iliyosafirishwa. Watu wakampa jina la lori, Scania, na jina lilimfaa. Fukusi tuliyemzoea alikuwa anakula taratibu, ukamvumilia. Dumuzi alitoboa punje, akatoboa gunzi, akatoboa hata miti ya ghala, na baada ya miezi michache ulibaki na vumbi. Uchunguzi ulionyesha kwamba anastawi zaidi mahindi yakiwa kwenye magunzi, kwa kuwa gunzi humpa mahali pa kujishikiza anapotoboa. Ushauri ukageuka: pukuchua, kausha, kisha changanya na dawa ya unga yenye viambata viwili, kimoja kikimlenga fukusi na kingine dumuzi. Nakumbuka Mama alivyosikitika kuacha dari. Aliona kama anamkana mama yake. Alipukuchua hata hivyo, na chakula chetu kikapona.

Hodari wa kuhifadhi kuliko wote niliowajua alikuwa baba yangu mdogo, mtunza ghala kwenye ghala moja la nafaka la umma. Likizo za shule nilimpelekea chakula cha mchana, akanizungusha. Kila rundo lilikaa juu ya chaga za mbao, halikugusa sakafu. Kati ya rundo na ukuta paliachwa mwanya wa mtu kupita na tochi. Shehena ya zamani ilitoka kwanza, na tarehe iliandikwa kwa chaki mahali inapoonekana. “Ghala usiloweza kulizunguka,” alikuwa akisema, “hulijui.” Kisha aliingiza mkono katikati ya gunia mpaka kwenye kiwiko na kunyamaza. Gunia likiwa na joto kuliko mkono wako, alinifundisha, kuna kitu kinapumua ndani: wadudu, ukungu, au nafaka yenyewe ambayo bado mbichi. Aprili ile ya 2020, nilipoingiza mkono kwenye gunia la yule mama, nilikuwa natumia kipimo cha Baba Mdogo.

Kwenye ghala lile nilishuhudia pia jinsi wanavyofukiza. Vidonge vinavyotoa gesi ya fosfini viliwekwa na mafundi waliovaa vifaa, rundo likafunikwa turubai zito, kingo zikagandamizwa kwa mifuko ya mchanga, na kwa siku kadhaa hakuna aliyeruhusiwa kuingia. Leo vidonge vya aina hiyo nimeviona vikiuzwa kimojakimoja, vimefungwa kwenye kipande cha gazeti bila maelezo yoyote, na mtu anatumbukiza kwenye gunia lililo chini ya kitanda cha watoto. Gesi ile haina nafasi kwenye nyumba ya kulala. Haichagui kati ya fukusi na binadamu, na hupenya chini ya mlango. Kama kuna neno moja kwenye makala hii ambalo ningependa lifike kila nyumba, basi ni hili: vidonge vya kufukizia visiingie nyumbani kabisa, hata kimoja.

Nilihamia Themi wakati mji ukiwa bado na nafasi. Kata yetu ina bahati ambayo nyingine hazina: viwanja vya Nane Nane vya kanda ya kaskazini viko hapa. Kila Agosti wakulima wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara wanakusanyika mlangoni petu, tena msimu uleule ambao mahindi yanashuka kutoka shambani. Kwenye mabanda yale ndipo nilipoiona kwa mara ya kwanza mifuko isiyopitisha hewa, ambayo wengi huiita kinga njaa. Nilikwenda na shaka, maana nimeona miujiza mingi ikiuzwa mabandani. Shaka iliniisha nilipoelewa inavyofanya kazi.

Mfuko una matabaka matatu: mawili ya ndani ya plastiki nzito na moja la nje la salfeti ya kawaida. Unajaza mfuko wa ndani kabisa, unakandamiza hewa itoke, unasokota shingo, unaikunja na kuifunga kwa kamba kwa nguvu. Kisha wa pili vilevile. Kisha wa nje. Wadudu waliomo wanatumia hewa iliyobaki mpaka inakwisha, wanaacha kula, wanakufa. Hakuna dawa hata chembe. Ulibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde za wakulima wa Kamerun, kazi iliyoongozwa na Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, na baadaye ukaonekana unafaa mahindi na maharage. Mifuko ya namna hiyo inatengenezwa hata hapa Arusha, na kiwanda cha A to Z kinachojulikana zaidi kwa vyandarua. Asiyeupata anaweza kutumia pipa la plastiki lenye mfuniko unaobana, akalijaza mpaka juu ili hewa isipate nafasi, na asilifungue ovyo.

Bei yake ni mara kadhaa ya gunia la kawaida, na kwa mama wa nyumba ya kupanga hilo si jambo dogo. Lakini mfuko ukitunzwa usipate tundu, hutumika zaidi ya msimu mmoja. Adui zake ni panya, msumari ukutani, na kidole cha mtu anayechungulia kila wiki.

Sasa nisikilizwe vizuri hapa. Mfuko huu unaua wadudu, haukaushi chochote. Ukifungia humo mahindi mabichi, umeufungia unyevu pamoja nayo, na utakapofungua utakuta yamechacha. Nimeona watu wakinunua mfuko bora na kuujaza mahindi yaliyoanikwa siku mbili za wingu, kisha wakaulaumu mfuko. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13 hivi. Kipima unyevu kinapatikana kwa wanunuzi wakubwa, lakini kila nyumba ina chupa na chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia punje mpaka theluthi moja, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, funga, tikisa vizuri kwa dakika chache, iache itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Rudisha mahindi juani. Isipoganda, usikimbilie kufunga, kwa sababu chupa imekuambia tu kwamba umeshuka chini ya 15. Anika tena siku mbili za jua zuri, juu ya turubai na kamwe si juu ya udongo, na jioni uanue kabla umande haujaanguka. Ukipenda zaidi, rudia kung'ata.

Kwa nyumba ya watu watano, miezi mitatu ndiyo akiba ninayoipendekeza mjini. Mashirika ya misaada hukadiria takriban gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku, gramu 60 za jamii ya mikunde na gramu 25 za mafuta. Ukipiga hesabu unapata kilo 180 za nafaka, pungufu kidogo ya magunia mawili, kilo 27 za maharage, na mafuta kama lita 12. Si mzigo wa kutisha. Unaweza kuujenga debe kwa debe kati ya Agosti na Oktoba, bei ikiwa chini.

Hifadhi punje, usihifadhi unga. Dona lina kiini cha mahindi ndani yake, na kiini kina mafuta. Baada ya wiki kadhaa za joto la bati linaanza uchungu. Saga debe moja, lile, kisha saga jingine. Mafuta ya kula yakae gizani, kwani mwanga na joto huyaharibu. Dagaa ni chakula kizuri cha dharura, ila nunua waliokauka kwa jua, wanaovunjika. Dagaa laini wa msimu wa mvua hawafiki popote. Chumvi na sukari zikikaa pakavu hazina shida.

Maharage yanahitaji neno la peke yake. Yakikaa muda mrefu mahali penye joto na unyevu, hata bila mdudu, huwa magumu. Unayachemsha nusu siku, hayaivi, na mkaa umekwisha. Wakati wa dharura mkaa nao ni chakula. Kwa hiyo maharage ya akiba yaliwe ndani ya mwaka na yabadilishwe kila mavuno. Hapo ndipo wengi wanaponishangaa nikiwaambia kwamba akiba ni ya kuliwa. Kwangu, Novemba mpaka Machi tunakula mahindi ya mwaka uliopita huku tukijaza upande mwingine, na ifikapo masika hakuna gunia la zamani lililobaki chini. Stoo ambayo hupiki kutoka humo ni stoo ambayo huijui, kama alivyosema Baba Mdogo kuhusu ghala.

Narudi kwenye wale kuku. Mahindi yaliyovunda hatuyamwagi. Tunayapeleka kwa mifugo, au kwa mpika pombe, na tunajiona tumeokoa. Lakini ng'ombe anayelishwa pumba zenye sumukuvu huitoa sehemu yake kwenye maziwa, na maziwa hayo ndiyo tunayompa mtoto aliyeachishwa ziwa, mwenye ini dogo kuliko sisi wote. Kuku huzorota, hupunguza kutaga, hufa. Pombe nayo haisafishwi na kuchacha. Chakula kilichooza kinatakiwa kitoke kabisa kwenye mzunguko wa nyumba, na najua uchungu wake.

Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili ya sumukuvu, na malori yakapanga foleni Namanga mpaka masharti mapya yalipowekwa. Tangu wakati ule shehena inayovuka mpaka inadaiwa cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Nilifurahi kwa ajili ya walaji wa Nairobi. Kisha nikajiuliza ni nani anayelipima debe la mama wa Themi, ambalo halivuki mpaka wowote zaidi ya kizingiti cha mlango wake. Vipimo vya sumukuvu ni ghali kwa nyumba moja. Kipima unyevu, hata hivyo, si ghali kwa mtaa mzima, na unyevu ukidhibitiwa mapema ukungu unakosa pa kuanzia.

Mahali pake ni kwenye mashine ya kusaga, kwa kuwa kila familia inapita hapo, na mwenye mashine huona nafaka ya mtaa wote kuliko afisa yeyote. Aliyeko karibu nasi ameshaanza kuwarudisha wateja wenye mahindi ya ukungu. Wengine walimtukana, wengine wakahamia mashine ya ng'ambo ya barabara. Mimi napeleka yangu kwake. Nimemwandikia mwenyekiti wa mtaa kuomba tuchange tumnunulie kipima unyevu akiweke pale mlangoni, mtu apime bure kabla ya kufunga mifuko yake mwezi wa nane, na mwenye mashine amekubali kukisimamia.